Sanamu ya Mwendo Imegoma: Dalili, Vyanzo na Tiba kwa Mafundi wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye sanamu ya vyuma inayozunguka, inayopanda na kushuka au inayopiga nyundo: mchongaji aliyeiunda, mlinzi aliyeachiwa funguo, mwalimu ambaye shule yake imepewa moja na sasa imesimama uwanjani haifanyi kitu. Nazungumzia hasa zile zilizochukua umbo la mitambo ya migodi ya makaa ya mawe na mashine za zamani: mnara wenye gurudumu kubwa juu na vizimba viwili vinavyopishana, boriti ya kuvuta maji inayoinama na kuinuka, vitoroli kwenye reli fupi, mkanda wa kubeba makaa.

Huku kusini sanamu hizi zina mizizi. Malori ya makaa kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, yanapita Tunduru na Masasi mpaka bandari ya Mtwara. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, kutoka pwani hadi Nachingwea, ilifungwa mwaka 1962. Mashamba ya mkonge ya Lindi yalikuwa na korona zake, yaani mashine za kukwangua majani ya mkonge ili kutoa nyuzi, na viwanda vya korosho vya miaka ya 1970 viliacha gia na puli ambazo leo hakuna anayezitengeneza. Ndiyo maana inaniuma kuona sanamu iliyokusanya historia yote hiyo imefungwa kamba na kuachwa ioze kwa sababu ya beringi moja.

Dalili zilizo hapa chini ndizo zinazorudi mara kwa mara. Katika kila dalili nimeanza na chanzo kinachokutwa sana, kisha vile vya nadra.

Kwanza tenga ugonjwa na tabia

Mashine ya Thomas Newcomen, iliyofungwa karibu na Dudley, Uingereza, mwaka 1712 ili kutoa maji kwenye mgodi wa makaa, ilipiga mapigo kama 12 kwa dakika. Boriti yake ilisita, ikashuka, ikasita tena. Mchongaji anayeiga mwendo ule anakutaka kule kusita. Fundi akija na mota yenye kasi zaidi ili boriti iende laini, ameiharibu kazi ya mwenzake hata kama hakuna kilichovunjika.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana, muulize aliyeiunda: ilipokuwa nzima ilikwenda vipi? Kama hapatikani, tafuta video iliyopigwa kwa simu siku ya uzinduzi; mara nyingi mtu anayo. Unachotafuta ni mabadiliko. Sanamu iliyolia tangu siku ya kwanza haiumwi. Iliyokuwa kimya ikaanza kulia wiki hii, hiyo inakuita.

Kipimo kimoja kabla ya vyote: ondoa nguvu, zungusha kwa mkono

Zima swichi. Chomoa fyuzi uiweke mfukoni, ili mtu mwingine asiwashe ukiwa na vidole ndani. Funga au kingamiza kwa gogo kila kitu kizito kinachoweza kushuka: kizimba, nyundo, boriti. Kisha toa cheni au mkanda kwenye mota.

Kuutoa ni lazima. Sanamu nyingi za huku zinaendeshwa na mota ya waipa ya gari, na ndani yake kuna gia ya skrubu ambayo haikubali kusukumwa kutoka upande wa pili. Ukijaribu kuzungusha sanamu bila kutoa cheni utadhani imeganda kutu, kumbe ni mota inayoizuia kwa maumbile yake.

Sasa fungua vizuizi taratibu na uzungushe mzunguko mzima kwa mkono, polepole, mbele na nyuma. Ikizunguka bila kukwama, tatizo liko kwenye mota au umeme. Ikiwa nzito, ikikwama au ikikwaruza, tatizo liko kwenye sanamu yenyewe, na hakuna mota mpya itakayoliponya. Nimeona watu wakinunua mota kubwa zaidi ili kushinda beringi iliyokufa, na matokeo yake ni shafti iliyopinda juu ya beringi iliyokufa.

Dalili: haianzi kabisa

Anza na fyuzi, swichi na vichwa vya betri. Pwani ya Mtwara, Mikindani au Lindi mjini, chumvi hujenga ukoko mweupe au wa kijani kwenye kila kiungo cha shaba. Kwa macho kiungo kimekaza, lakini umeme haupiti. Fungua, piga msasa laini, kaza, kisha paka vaselini juu yake. Hapo ndipo kazi huishia mara nyingi.

Ikiwa bado, pima betri. Betri ya volti 12 ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6. Acha mita ikiwa imeunganishwa halafu washa sanamu. Ikishuka chini ya 10.5 mota ikijaribu kuanza, betri imechoka au haichajiwi ipasavyo. Futa paneli ya sola kabla ya kuilaumu betri; vumbi na kinyesi cha kunguru hupunguza sana umeme.

Chanzo cha tatu husahaulika: waya mwembamba uliovutwa mbali. Chukua mota inayotumia ampea 5, iliyo mita 20 kutoka kwenye betri, kwa waya wa milimita za mraba 1.5. Umeme unakwenda na kurudi, yaani mita 40 za shaba, na njiani zinapotea volti zaidi ya 2. Betri inasoma 12.6, mota inapata 10 na ushee. Ukiweka waya wa milimita za mraba 4, upotevu unashuka chini ya volti 1. Pima volti kwenye vituo vya mota yenyewe, ikiwa imewashwa, wala usiridhike na kipimo cha kwenye betri.

Baada ya hapo ndipo uishuku mota. Igonge taratibu kwa mpini wa mti huku umeme ukiwa umewashwa; ikishtuka na kuanza, brashi za kaboni zimekwisha. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi umeme wa magari.

SIMAMA HAPA kama mota ni ya umeme wa volti 230. Ikiguruma bila kuzunguka, mara nyingi kapasita yake imekufa, na kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Usiifungue. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na umwombe wakati huohuo aangalie kama mfumo una kikata umeme cha kuzuia shoti ya mwili. Sanamu ya volti 230 inayonyeshewa mvua bila kifaa hicho isiwashwe tena hadi kiwekwe. Kwa maoni yangu, sanamu yoyote ya nje inayoweza kuendeshwa kwa volti 12 iendeshwe kwa volti 12.

Dalili: inaanza vizuri, ikifika mahali palepale inasita au inakwama

"Fundi, likifika juu linasita, halafu linaporomoka lenyewe." Lalamiko hili ndilo linalonijia kuliko yote, na ndilo lenye vyanzo vingi, kwa hiyo nitalikalia.

Chanzo cha kwanza ni uzito usio sawa. Cheni ikiwa imetolewa, lisimamishe gurudumu mahali tofauti tofauti na uliachie. Likibaki palepale kila mara, mizani iko sawa. Likirudi daima upande uleule chini, upande huo ni mzito. Ongeza uzito upande wa pili, na kumbuka kwamba umbali nao ni uzito: kilo 1 iliyo sentimita 30 kutoka katikati inalingana na nusu kilo iliyo sentimita 60. Tumia nati na wosha kwanza kwa kufunga na waya, jaribu, na ukiridhika ndipo uchomelee kipande cha kudumu.

Lakini jiulize kwa nini mizani iliyokuwa sawa imeharibika. Kwenye minara yenye vizimba viwili jibu huwa ni maji. Kizimba au ndoo iliyojaa vipande vya makaa huziba tundu la chini kwa majani na mchanga, mvua ya Januari inakijaza, na lita moja ya maji ni kilo moja. Toboa tundu la milimita 10 chini ya kila chombo kinachoweza kushika maji, na lingine pembeni kidogo. Angalia pia kama kuna kipande kilichoanguka au kuibwa. Nati nzuri za shaba hazikai muda mrefu mahali pasipo na mlinzi.

Chanzo cha pili ni nukta ya kufa ya krenki. Krenki ni mkono uliofungwa kwenye shafti inayozunguka, na konrodi ni fimbo inayouunganisha mkono huo na kinachokwenda na kurudi. Viwili hivyo vikinyooka kwenye mstari mmoja, hakuna nguvu ya kuzungusha. Kuna kusukuma tu kuelekea katikati ya shafti. Mashine za mvuke zilivuka hapo kwa gurudumu zito lililohifadhi mwendo, na vichwa vya treni vilitumia krenki mbili zilizopishana kwa nyuzi 90, ili moja ikifika kwenye nukta hiyo nyingine iwe na nguvu kamili. Sanamu yako ina njia hizohizo mbili. Kama ilivuka zamani na sasa haivuki, basi mwendo umepungua (rudi kwenye betri) au msuguano umeongezeka (endelea kusoma). Usimruhusu mtu yeyote aizoee sanamu kwa kuisukuma kwa mkono ipite hapo. Kidole kikiwa kati ya konrodi na fremu wakati inaporuka, kimekwenda.

Cha tatu ni beringi mbili za shafti moja ambazo hazitazamani. Legeza bolti za nyumba ya beringi ya upande mmoja tu, kisha zungusha. Ikiwa laini ghafla, umepata jibu: weka vibati vyembamba chini ya nyumba hiyo hadi shafti ikae bila kulazimishwa, kaza bolti kidogo kidogo kwa zamu, na zungusha kwa mkono baada ya kila zamu. Kwa sanamu mpya napendekeza nyumba za beringi za namba UCP204 kwa shafti ya milimita 20. Beringi yake hujigeuza kidogo ndani, na inasamehe fremu iliyochomelewa bila kunyooka sawasawa.

Cha nne, shafti imepinda. Shikilia chaki karibu kabisa na shafti inayozungushwa polepole kwa mkono. Itaandika upande uliotokeza tu. Shafti fupi na nyembamba hunyooshwa. Nene ipeleke kwa fundi wa mashine ya kukereza.

Cha tano ni mbao, na hiki ni chetu hasa, kwa kuwa wachongaji wa Kimakonde wanaweka umbo la watu juu ya mashine: wachimbaji wanaopanda mmoja juu ya mwingine, wakizunguka na gurudumu. Mti huvuta unyevu na kuvimba, na msimu wetu wa mvua ni mrefu, Desemba hadi Aprili. Tundu lililobana shafti mwezi Oktoba litaikaba mwezi Februari. Mpingo unavumilia kuliko miti mingi. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake wenyewe, na bushi ya mpingo iliyotobolewa vizuri inaweza kubeba shafti ya polepole kwa grisi kidogo sana. Acha nafasi ya karibu nusu milimita kwa shafti ya milimita 20 hadi 25. Mti mwepesi usiuchague kabisa kwa bushi.

Mchongaji na fundi chuma wakae pamoja kabla ya kutoboa. Mchongaji anajua nyufa za gogo zinaelekea wapi na moyo wa mti uko wapi. Tundu la shafti likipigwa penye ufa unaokuja, umbo zima litapasuka, na mpingo wa miaka mingi haulipiki.

Dalili: sauti mpya

Mlio mwembamba wa kulia, unaopungua ukitia tone la oili, ni bushi kavu. Tia grisi na uendelee.

Kugonga mara moja kwa kila mzunguko: skrubu inayobana sproketi imelegea, kii ya shafti (kipande cha chuma kinachozuia sproketi isizunguke peke yake juu ya shafti) imelika, au jino la gia limevunjika. Paka alama ya chaki mahali linapogonga. Ukiizungusha tena kwa mkono utaona ni sehemu gani inakutana na nini.

Mkwaruzo usiokoma ni mchanga ndani ya beringi. Beringi ya sanamu ya nje iwe na herufi 2RS, yaani imefungwa kwa mpira pande zote mbili. Zile za ZZ zina vifuniko vya bati tu, na upepo wa pwani unapenyeza mchanga mwembamba. Ukienda dukani taja namba iliyo kwenye beringi ya zamani. 6204, kwa mfano, ni tundu la milimita 20, kipenyo cha nje 47, unene 14. Usiipige beringi mpya kwa nyundo moja kwa moja. Tumia kipande cha bomba kinachogusa duara la ndani inapoingia kwenye shafti.

Mlio mkali wa kukatika, unaotokea pale uzito unapopanda, una hukumu moja: ZIMA, weka kamba kuzunguka eneo, usiwashe. Huenda ni ufa kwenye mchomeleo au kwenye chuma cha kumimina. Unaweza kuhakikisha hivi: safisha sehemu hiyo, paka mafuta ya taa, subiri, futa hadi ikauke, kisha paka chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatachora mstari kwenye chaki. Ukiuona mstari huo kwenye kitu kinachobeba uzito juu ya vichwa vya watu, usijaribu kuuziba mwenyewe. Chuma cha kumimina, ambacho ndicho gia na magurudumu mengi ya zamani yalitengenezwa nacho, kikichomelewa kwa vijiti vya kawaida bila kupashwa joto kwanza, hupasuka tena pembeni ya mchomeleo, mara nyingine siku hiyohiyo. Kinataka vijiti vya nikeli na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Dalili: mnara unatetemeka au sanamu inajisogeza

Kaza bolti za msingi kwanza, kisha angalia kama msingi wenyewe umezama upande mmoja; ardhi ya mchanga ya pwani hufanya hivyo baada ya mvua. Halafu rudi kwenye kipimo cha mizani hapo juu.

Kama mtetemo unatokea kwenye kasi fulani tu, na ukipunguza au ukiongeza mwendo unatoweka, mnara umekutana na mtetemo wake wa asili. Badilisha kasi, au ongeza vyuma vya mshazari kuufanya mgumu. Kutia zege zaidi chini hakusaidii, kwa kuwa kinachocheza ni juu.

Jean Tinguely, Mswisi aliyeunda mashine za magurudumu na vyuma chakavu, mwaka 1960 aliwasha kwenye bustani ya makumbusho moja New York sanamu iliyokusudiwa kujibomoa yenyewe, na zimamoto ikabidi waingilie. Ile ilikuwa nia yake. Sanamu iliyo katikati ya uwanja wa shule ikianza kujing'oa, izime.

Dalili: cheni inaruka, mkanda unateleza

Cheni: pima kama sproketi mbili ziko kwenye mstari mmoja kwa kunyoosha uzi. Halafu ulegevu. Halafu meno yaliyochongoka. Cheni ya baiskeli na ya pikipiki ya 428 zote zina milimita 12.7 kati ya pini na pini, kwa hiyo zinaonekana kukubaliana, lakini upana ni tofauti. Ukichanganya, cheni itapanda meno. Badilisha cheni na sproketi kwa pamoja.

Mkanda: grisi imeingia, au umelegea. Futa, kaza. Usiukaze kupita kiasi, maana beringi ndiyo italipa.

Dalili: imekaa miezi bila kuwashwa, sasa haigeuki

Kutu. Ukikaa Masasi au Nachingwea unaweza kuishi nayo. Ukikaa Shangani au Mikindani, kusi inaleta chumvi, kaskazi inaleta chumvi, na chuma kisichopakwa kitu kinaanza kubadilika rangi ndani ya siku chache.

Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Inavimba ndani ya viungo, inatanua bati, inakata bolti. Kwa hiyo usilazimishe kwa bomba refu la spana. Osha kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, nyunyizia oili nyepesi ya kupenya, acha hadi kesho. Rudia. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Kule kukaza ndiko kunakoivunja kutu. Moto ni wa mwisho, na kamwe usiutumie karibu na mpingo, beringi za mpira, springi, au chombo chochote kilichofungwa.

Kisha tafuta metali mbili zilizogusana. Bolti ya chuma kisichoshika kutu iliyofungwa kwenye bati la alumini, penye maji ya chumvi, hulila bati hilo kuizunguka, na siku moja bolti itabaki nzima ikiwa imeshikilia unga mweupe. Weka wosha ya plastiki na mrija mdogo wa plastiki kati yao.

Kuhusu oili chafu ya injini: najua inatumika kila mahali kwa kuwa ni ya bure. Kwenye sanamu siishauri. Inashika mchanga, ikigeuka kuwa msasa ndani ya bushi; inachuruzika ardhini; na ina vitu vinavyoweza kuleta saratani, ilhali watoto watashika. Kwa sehemu zinazosuguana tumia grisi ya kalsiamu, inayovumilia maji kuliko ile ya lithiamu ya kawaida. Kwa sehemu zilizotulia, rangi ya msingi yenye zinki, kisha epoksi, kisha rangi ya juu. Mchongaji akitaka kutu ionekane, na wengi wanaitaka, iache kwenye bati nene lisilobeba uzito, lakini shafti, bolti na viungo vilindwe.

Kwa nguzo za mbao zinazogusa ardhi tuna mafuta ya maganda ya korosho, yanayozuia mchwa. Vaa glavu: yanababua ngozi vibaya. Na yakae mbali na breki na mikanda.

Mwisho wa hapa: sanamu inayowashwa dakika chache kila siku huishi kuliko inayosubiri wageni rasmi. Grisi inasambaa, unyevu unatoka, na mlinzi anasikia mabadiliko mapema.

Dalili: vumbi jeusi kila mahali, na chuma chini ya makaa kinaliwa

Sanamu nyingi zinabeba makaa ya mawe halisi, na ni haki yake, kwa kuwa ndiyo habari inayosimuliwa. Lakini makaa yana madini yenye salfa ambayo, yakikutana na hewa na maji, hutoa asidi. Bati lililo chini ya makaa yaliyolowa huoza haraka kuliko lililo pembeni. Vilevile yanamomonyoka yakitikiswa, na unga wake unasaga beringi.

Chagua vipande vigumu, vioshe, vikaushe kabisa, kisha vipake vanishi safi mara mbili au tatu. Viweke juu ya wavu uliopakwa epoksi ili maji yapite. Kama vizimba vinagongana kwa nguvu, weka mawe yaliyopakwa rangi au vipande vya mpingo vilivyochongwa, na makaa halisi yabaki mahali palipotulia ambapo watu wanaweza kuyatazama kwa karibu.

Kabla ya kuwasha grenda au kuchomelea popote kwenye sanamu hii, ondoa makaa yote na ufute vumbi kwa kitambaa kilicholowa. Usilipulize kwa hewa. Taa ya Humphry Davy ya mwaka 1815 ilizungushiwa wavu wa waya kwa sababu mgodini gesi ilikuwa ikishika moto wa taa, na vumbi la makaa lililorushwa hewani likaufanya mlipuko kuwa mkubwa zaidi. Kwenye karakana iliyofungwa, cheche za grenda na wingu la vumbi hilo si mchezo.

Wakati wa kuacha na kuita mtaalamu

Nimeshataja umeme wa volti 230 na nyufa. Kuna mambo mengine manne ambayo sikubali yafanywe na mtu asiye na mafunzo.

Vizibio vya viungo na nyuzi nyeupe au kijivu kwenye boila, mabomba ya mvuke na breki za mashine za zamani huenda ni asbesto. Usikwangue, usikate, usipulize. Lowesha, funika kwa plastiki, ondoa watu, na uwasiliane na ofisi ya OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Rangi nyekundu ya zamani chini ya rangi nyingine kwenye vyuma vya reli na madaraja mara nyingi ni ya risasi. Ukiichoma au kuisaga unavuta sumu.

Tangi, pipa au mtungi uliofungwa, hata kama unaonekana mtupu, usikatwe wala kuchomelewa. Mvuke wa petroli unaobaki ndani unatosha kuua. Na boila la zamani lisijazwe mvuke wala hewa ya kushindiliwa kwa ajili ya maonyesho, hata kwa dakika moja, bila kukaguliwa kisheria.

Uzito unaoning'inia juu ya mahali watu wanapopita uwe na mnyororo wa pili usiobeba kitu, unaosubiri wa kwanza ukatike. Kama haupo, hesabu na ufungaji wake ni kazi ya mhandisi.

Unapompigia mtaalamu simu, mpe haya moja kwa moja: volti ya mota na ampea zake, namba za beringi, kipenyo cha shafti, kitu kizito kuliko vyote kina kilo ngapi na kiko juu kiasi gani, tatizo lilianza lini, na matokeo ya kile kipimo cha mkono. Mtumie pia video mbili, ya sasa na ya siku ilipokuwa nzima. Na mweleze ni sauti zipi za sanamu hii mchongaji alizikusudia, ili asizitengeneze.